Mama Anasoma Namba

"Tisa. Hapana, ngoja mwanangu, hiyo ni nne. Miwani yangu imekatika mkono."

Jumamosi moja nilikuwa nimekalia mbuzi nakuna nazi ya mchuzi wa jioni nilipomsikia mama akimsomea mtu namba. Alikuwa barazani, na sauti ilikuwa ileile anayoitumia kanisani akipewa somo: polepole, kwa heshima, kila tarakimu akiipa nafasi yake. Nazi ilinitoka mkononi ikabingirika hadi mlangoni.

Nilimpokonya simu. Ningependa kutumia neno lenye adabu zaidi, ila sina.

"Haloo, mama? Bado mbili," ikasema sauti ya kijana.

Nikamuuliza yeye ni nani. Akajibu bila kutetereka kwamba anapiga kutoka hospitali, wanakamilisha matibabu ya mama ya Jumanne, kuna namba imeingia kwenye simu yake, akiwasomea watafunga faili. Hospitali gani? Simu ikakatika.

Jumanne hiyo mama alikuwa matangani, kijiji cha pili, tangu asubuhi hadi magharibi.

Basi nikaanza. Mama, tumekwambia mara ngapi. Mama, hujui wakora wamejaa. Mama, ukimsomea mtu namba ni kama umemkabidhi ufunguo wa nyumba. Nilihubiri dakika tano nzima, nazi iko chini, kuku wameshaanza kuidonoa. Yeye aliniacha nimalize, halafu akauliza swali moja.

"Mwezi wa tatu, pale dirishani, nani aliyemsomea yule msichana namba? Si wewe?"

Ni mimi.

Hilo swali limenikaa kooni wiki saba sasa kama mwiba wa samaki.

## Pale dirishani

Dirisha hilo mnalijua. Unafika hospitali, unatoa kitambulisho, karani anaandika, simu inalia mfukoni, anakwambia: nisomee ujumbe ulioingia. Bila namba hiyo faili haifunguki, na faili isipofunguka daktari humwoni. Hivyo ndivyo tulivyoizoea SHA, bima ya afya ya serikali yetu ya Kenya, tangu ilipochukua nafasi ya ile ya zamani, NHIF, tarehe 1 Oktoba 2024. Siku ile ya mwezi wa tatu mama alikuwa amesahau miwani, nikaichukua simu nikasoma kwa sauti, benchi zima likinisikiliza. Karani akasema asante. Mama akatibiwa.

Usiniambie wazee hawajui kutunza siri. PIN ya M-Pesa ya mama haijawahi kumtoka mdomoni. Mwaka juzi alikuwa hoi kitandani na malaria, nikamwomba anitajie ili nikanunue dawa kwa pesa zake. Akaniambia nitoe zangu kwanza, tutahesabiana akipona. Alipona, tukahesabiana.

"Ile si PIN," aliniambia usiku huo, ugomvi ulipopoa. "Ile ni namba ya kutibiwa."

Nikanyamaza. Alikuwa ameshaliona jambo ambalo mimi, mwenye simu kubwa na kazi ya ofisini Mombasa, sikuwahi kulifikiria. Namba ya pesa hufichwa. Namba ya kutibiwa husomwa, tena kwa sauti kubwa, maana karani yuko nyuma ya kioo. Hiyo ndiyo kanuni aliyofundishwa, na mwalimu wake wa kwanza nilikuwa mimi.

Halafu kuna wale wa mlangoni. Wakati wa usajili alikuja mhudumu wa afya wa jamii, wa kweli kabisa, binti ya jirani tunayemjua tangu anatambaa. Akataka kitambulisho, namba ya simu, akaanza maswali. Paa ni la makuti au la mabati? Maji mnateka wapi? Choo ni cha shimo? Mbuzi mna wangapi? Mwenye mshahara hukatwa asilimia 2.75, hana haja ya kuulizwa kuhusu mbuzi. Asiye na mshahara hukadiriwa kwa maswali hayo, na hawezi kushuka chini ya shilingi 300 kwa mwezi. Za mwaka mzima hulipwa kwa mpigo. Za mama nimelipa mimi, 3,600.

Mtu aliyeeleza choo chake kwa mgeni wa kweli atamshukuje mgeni wa uongo, ambaye ameomba namba tu na kusema "tafadhali mama"? Tapeli wetu ana maswali machache kuliko serikali, na salamu nzuri zaidi.

## "Umelazwa, nyanya"

Wiki mbili baadaye tulikuwa na miadi ya presha, hospitali ya serikali. Foleni, kitambulisho, kioo. Karani akatazama skrini, akamtazama mama, akarudi kwenye skrini.

"Nyanya, hapa inaonyesha umelazwa."

"Nimelazwa wapi?"

Akataja jina la kituo. Ni zahanati ya binafsi ambako mama aliwahi kwenda mara moja, kikohozi, miezi kadhaa nyuma. Faili ilikuwa wazi bado, mgonjwa yuko wodini.

"Basi wapigie uwaulize," mama akasema, "kama nimekula."

Benchi lilicheka. Mimi pia nilicheka, hadi tulipofika kwenye matatu na kicheko kikaniganda. Ndipo nilipoelewa kwamba yule kijana wa Jumamosi huenda hakuwa na haja na M-Pesa ya mama hata kidogo. Pesa yake haikuguswa. Kaka yangu nilipomweleza kwa simu aliuliza swali ambalo kila mtu ameniuliza tangu hapo: "Wamechukua ngapi?" Hakuna. "Aa. Basi afadhali."

Afadhali kweli?

Tumezoea wizi unaohesabika. Laini inabadilishwa usiku, asubuhi akaunti imebaki na shilingi nane, hapo ukoo wote unapiga kelele. Huu mwingine ni wa kimyakimya. Mtu anaazima jina la mama yako, analivika gauni la wodini, analilaza kitandani siku tatu, anaiandikia bima gharama ya kitanda, dawa na daktari. Mama yuko shambani anapalilia mihogo. Magazeti yetu yana jina la hawa, wagonjwa hewa, na kuna ndugu zao: mgonjwa aliyekuja akarudi nyumbani akaandikwa kalazwa, tiba ndogo ikaandikwa kubwa. Mwaka 2023, NHIF ikiwa bado hai, uchunguzi wa runinga ulionyesha wazee wa vijijini wakivutwa na kambi za matibabu ya bure, wakasafirishwa kwenda kufanyiwa upasuaji ambao wengine hawakuuhitaji. Angalau hao walikuwepo kimwili. Mama yangu hata kupanda gari hakupanda.

Kinachoninyima usingizi si bili. Ni ugonjwa. Ili ulazwe lazima uandikiwe ugonjwa, na mimi sijui mama aliandikiwa upi. Je, mahali fulani kwenye kompyuta yeye ni mgonjwa wa kisukari? Amefanyiwa jambo ambalo daktari wa kesho, mtu mwema mwenye haraka, atalisoma na kuliamini kuliko atakavyomwamini mwanamke wa miaka 74 anayesema "mimi, mwanangu, sina sukari"?

## Zahanati ya usiku

Nilikwenda. Nilijipanga kama mtu anayekwenda mahakamani, nakala za kitambulisho kwenye bahasha. Msichana wa mapokezi alinisikiliza kwa upole, akaingia ndani, akarudi na neno moja: mtandao. Mtandao ulikosea. Kesho yake faili ilikuwa imefungwa, na dawa za presha tukapewa kule kwingine. Hakuna aliyeomba radhi, hakuna aliyekana.

Inawezekana kweli ilikuwa makosa. Nasema hivi si kwa kujikinga. Nimelala na wazo hilo siku nyingi. Karani amechoka, amebonyeza jina la juu badala ya la chini. Lakini makosa ya karani hayapigi simu Jumamosi jioni kuomba tarakimu.

Nilipotaka kuripoti, mama ndiye aliyenishika mkono.

"Ukiwafungia, nikikohoa saa nane usiku utanipeleka wapi?"

Ile zahanati ndiyo pekee upande wetu inayofungua mlango usiku. Ya serikali ni mwendo wa bodaboda kwenye barabara ambayo mvua ikinyesha hata bodaboda hukataa. Agosti 2025 vituo 40 viliposimamishwa kwa mkupuo kwa tuhuma za udanganyifu nilishangilia, nikaandika humu bloguni kwamba vimechelewa kufungwa. Sikuuliza wanaokohoa usiku karibu na vituo hivyo arubaini wanakwenda wapi. Nilishangilia kwa sababu sikuwa naishi karibu na hata kimoja.

Tuliugeuza mjadala huo wiki nzima, mimi na yeye, na hatukuelewana. Mwishowe niliripoti.

Sijamwambia. Mama hasomi blogu, ila mpwa wangu husoma, na ana mdomo. Kwa hiyo huenda anajua tayari na anangoja niseme mwenyewe. Ni tabia yake.

## Kikao cha mulika mwizi

Watoto tuko watano. Kikao kilifanyika WhatsApp, mama akiwa hayumo, na hilo tayari lilikuwa kosa la kwanza.

Kaka alitaka anyang'anywe simu. Si ya maana: ni mulika mwizi, vitufe na tochi, betri inakaa siku nne. (Jina la simu hiyo halijawahi kunichekesha kama mwezi huu. Tochi inammulika mwizi vizuri sana, ila mlango wa mwizi ni kipaza sauti.) Dada akasema simu abaki nayo ila namba ya SHA ihamishiwe kwangu, ujumbe wowote uje kwangu, mama akienda hospitali anipigie kwanza. Wote wakaweka kidole gumba. Hata mimi niliweka. Nilijiona mtoto mwema.

Jumapili nikaenda kumweleza. Nilimweleza vizuri, kwa lugha laini, nikasema "kukusaidia" kama mara sita.

"Kwa hiyo nikiumwa nikuombe ruhusa."

"Si ruhusa, mama, ni..."

"Heri niibiwe na mgeni kuliko kunyang'anywa na nyinyi."

Kisha akanisimulia habari za mzee mmoja wa pale kijijini ambaye alisajiliwa SHA na kijana aliyekuja na kompyuta chini ya mwembe. Mzee hana simu, kijana akaweka namba yake mwenyewe, ili kazi iende. Huenda hakuwa na nia mbaya. Ila sasa mzee akienda kutibiwa, namba inaingia kwenye simu ya kijana, na kijana yuko Malindi, mara Nairobi, mara mteja wa namba uliyopiga hapatikani. Mzee anarudi nyumbani na mguu wake. Na siku ambayo mzee hajaenda popote, je, kijana hawezi kumtibisha?

"Na wewe unataka niwe kama huyo," mama akasema.

Nikasema mimi ni mwanao. Akasema mzee yule naye anamwita kijana mwanangu.

## Laini ya tatu

Baada ya hapo nilijaribu kutenda badala ya kuhubiri. Tuliketi barazani na ile simu yake. Nilimwonyesha *106#, inayokuorodheshea laini za Safaricom zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Tukafunga ubadilishaji wa laini kwa *100*100#, ili mtu asiweze kuibadilisha akijifanya yeye. Namba ya yule kijana wa Jumamosi tukaituma 333. Alifurahia ile 333 kuliko zote, kwa kuwa ni bure.

Orodha ya *106# ilikuja na laini tatu.

Ya kwanza yake. Ya pili ya marehemu baba. Hakuna aliyewahi kuifuta, tukaitazama kidogo. Ya tatu hakuitambua. Moyo ukaanza kunidunda: ndiyo hii, nikawaza, ndipo wanapopitia. Picha ya kitambulisho chake imeenda wapi? Mama amekwishakiacha kwa mashine ngapi za kopi, kwa mawakala wangapi, kwa chifu, kwenye pesa za wazee? Nikazisoma tarakimu kwa sauti.

Nikaishia katikati.

Ilikuwa laini yangu. Mwaka 2013 nilipoteza kitambulisho, kipya kikachukua miezi, nikahitaji laini ya pili ya biashara ndogo ya vitenge iliyokuja kufa. Nilimwomba mama kitambulisho chake. Alinipa bila kuuliza. Nikaisajili, nikaitumia miaka, nikazoea Fuliza, mkopo wa M-Pesa, biashara ikafa, laini nikaitupa kwenye droo ikiwa na deni. Deni kwa jina la nani?

Nilikuwa nimeshika simu kama mtu aliyeshika kaa la moto.

"Ya nani?" mama akauliza.

Nikamwambia. Alitazama shamba kwa muda. Hakusema neno la lawama, na ningependelea aseme. Alichosema ni kwamba chai imepoa, nikaipashe.

Deni nimelilipa. Halikuwa kubwa. Laini nimeifuta. Lakini tangu siku hiyo neno "wakora" halinitoki kirahisi nikiwa mbele yake. Mtu wa kwanza kutumia jina la mama yangu bila yeye kujua linatumikaje hakupiga simu kutoka mbali. Alikula wali wake.

## Vidole

Mwaka 2025 wizara ilisema namba za simu zitaondolewa, mgonjwa atambuliwe kwa alama za vidole. Nilipumua. Kidole hakisomwi kwa simu.

Ila nenda ukaviangalie vidole vya mama. Miaka hamsini ya jembe, kushona makuti, kuparua samaki, kuchambua mihogo. Zimebaki kucha na ngozi iliyong'aa kama jiwe la mtoni. Mara ya kwanza mashine ilikataa kidole gumba. Wakajaribu shahada. Akapanguswa kwa leso yake, akapakwa mafuta, akapanguswa tena, wakahamia mkono wa kushoto. Karani hakuwa mkali, alikuwa anasikitika kweli, na foleni nyuma ilikuwa inapiga miguu. Kazi yote aliyofanya kutulea ndiyo iliyomfuta kwenye mashine.

Ikabidi turudi kwenye namba ya simu.

## Usoni

Kanuni tuliyo nayo sasa hatukuitunga sisi wa WhatsApp. Aliitunga yeye, asubuhi moja, anachagua mchele.

"Namba nitasoma," alisema, "nikiwa nimemwona usoni."

Nikaigeuza kila upande nikitafuta tundu. Akiwa dirishani, karani mbele yake, amekuja kutibiwa: asome. Akiwa nyumbani, sauti haina uso: asisome, hata kama inasema SHA, hata kama inajua jina lake kamili na siku ya miadi. Hahitaji kutofautisha hospitali ya kweli na ya uongo, jambo ambalo hata mimi siliwezi kwa simu. Tulikuwa tumemfundisha "usimpe mtu yeyote," amri ambayo angeivunja kila mwezi ili apate vidonge vyake, na ukiivunja amri kila mwezi inaacha kuwa amri. Hii yake anaweza kuishi nayo.

Ina tundu moja. Karani mwenyewe akiwa mwizi, uso wake anao. Kwa hilo kuna daftari.

Daftari analo siku zote, la shule, jalada la bluu, anaandikia bei, michango ya kanisa na nani anadaiwa pishi ya mahindi. Nilichoomba ni kwamba aongeze siku za hospitali: tarehe, wapi, kaumwa nini, kapewa nini, namba kasoma mara ngapi. Sasa kila miadi analitoa kwenye mkoba pale dirishani na kuandika mbele ya karani, bila haraka, huku akiuliza, "Hii namba ni ya kufungua au ya kufunga, mwanangu?" Wengine wanakereka. Wiki iliyopita mmoja alimgeuzia skrini ili anakili vizuri ugonjwa ulioandikwa. Ni presha. Ni ileile.

Namba ya SHA imebaki kwenye mulika mwizi yake. Kaka hajafurahi.

Jumatano kijana alipiga tena, au mwenzake. Nilikuwa sipo karibu. Nimesimuliwa, na nimesoma. Alisema wanakamilisha matibabu ya wiki iliyopita. Mama akamuuliza siku hiyo alikuja na nani. Kijana akasema na mjukuu wako. Mjukuu yupi, mama akauliza, ninao kumi na mmoja.

Kwenye daftari, chini ya bei ya unga na juu ya jina la mtu anayedaiwa mahindi, ameandika kwa penseli: *Jumatano. Kijana wa namba. Kakata yeye.*